Ndege kwenye Mtungi

"Unakaa wapi?" karani aliuliza, kalamu ikiwa tayari juu ya fomu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuzungumza na watu walio ng'ambo ya barabara.

Mama Chiriku aligeuka akaangalia nyuma. Foleni ilifika mlangoni: mwanamume aliyekumbatia faili kifuani, mabibi wawili wa kesi ya kiwanja, kijana anayetafuna kijiti cha meno. Wote walikuwa wametazama mbele, na masikio yao yalikuwa mbele zaidi.

"Naomba niandike mwenyewe," alisema.

"Fomu naijaza mimi, wewe unajibu tu. Jina tayari. Kazi, msusi. Umeolewa, mtoto mmoja. Unakaa wapi?"

"Hilo sitalitaja kwa mdomo."

Karani aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayejizuia. "Mama, hapa ni mahakamani, si kibarazani kwa shoga yako. Hatunong'onezani. Unaomba amri ya ulinzi. Mahakama itakulindia wapi kama haijui unakolala?"

Kijana wa kijiti alicheka kwa pua. Mmoja wa mabibi akasema, bila kumwangalia mtu, "Labda anapokaa panamtia aibu."

Mama Chiriku alisikia masikio yakiwaka. Alitandaza viganja vyote viwili juu ya kaunta, vidole vilivyokomaa kwa kusuka, akamwinamia karani.

"Ndugu yangu, ninayemkimbia anauza gesi. Ana pikipiki, na hakuna jiko asiloingia katika mji huu. Nikitaja hapa, kabla sijafika nyumbani maneno yatakuwa yameshamfikia. Nipe karatasi niandike, au niitie mkubwa wako."

"Na nisipofanya hayo?"

"Nitasimama hapa."

"Na hawa nyuma yako?"

"Watanivumilia au watanisema. Nimeshazoea yote mawili."

Ubishi huo ulimtoa karani mkuu chumba cha nyuma, mwanamke mnene mwenye kikombe cha chai mkononi na miwani iliyoning'inia kwa uzi. Aliuliza kuna nini, akaambiwa huyu mama hataki kusema anapokaa.

"Na asiseme," alijibu, akavuta droo kwa goti. "Ile karatasi ya pembeni umeisahau tena. Nitakuchanjia mwilini ndiyo uikumbuke." Akamgeukia Mama Chiriku. "Mwanangu, andika hapa, kunja, tia kwenye bahasha, uilambe mwenyewe. Hakimu akiona haja ataifungua. Mwingine hafungui. Nakala atakayopelekewa mume wako, sehemu ya makazi itakuwa tupu."

"Tupu kabisa?"

"Tupu kama pochi yangu mwisho wa mwezi."

Mama Chiriku aliandika akiwa ameikinga karatasi kwa mkono, kama mwanafunzi anayeogopa kunakiliwa. Nyumba ile haikuwa na namba, hivyo ilimbidi aieleze kwa alama zake: ipo nyuma ya nini, mbele ya nini, mlango wa rangi gani. Alichoandika siku ile kilibaki ndani ya bahasha, na hapa pia hakitatajwa.

Alilamba gundi. Ilikuwa chungu, na yeye aliona tamu.

*

Walikuwa wakikaa kwa Shangazi, dobi aliyefua na kupiga pasi nguo za watu. Alikuwa binti wa babu yake Mama Chiriku kwa mke mwingine. Nyumba hizo mbili zilikuwa zimenuniana tangu enzi za wazee, hata Mama Chiriku alikuwa amekutana naye siku moja tu, siku ya kumzika baba yake. Ndipo mwanamke mrefu asiyemfahamu alipokuja akakaa mkekani karibu naye, akamshika mkono, asiuachie mchana mzima. Baba Chiriku hakuja mazikoni. Alisema lori la gesi linashusha mzigo siku hiyo na biashara haijui msiba.

Kwa hiyo hakuwahi kumwona Shangazi. Mara nyingine, akiwa amelala na mtoto kwenye godoro la sebuleni, Mama Chiriku aliwaza kwamba marehemu baba yake ndiye aliyempangia maficho haya. Kwamba hata katika kuondoka, mzee alimwachia mlango mmoja haujafungwa.

Alikuwa amefikiria kila kitu. Laini ya simu aliitupa. Saluni aliacha bila kuaga, na wateja wake wakabaki na vichwa nusu. Shule ya mtoto hakuomba barua ya uhamisho. Hata salamu kwa mama yake mzazi alizikata, na hilo lilimuuma kuliko yote. Chiriku mwenyewe, aliyeitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, alikuwa amefundishwa.

"Mtu akikuuliza unakaa wapi?"

"Kwetu."

"Kwenu wapi?"

"Kwa mama."

"Akikupa pipi?"

"Nachukua pipi, nasema kwa mama."

Shangazi alikuwa amecheka hadi akaegemea ukuta. "Huyu awe wakili."

Siku hiyo, aliporudi kutoka mahakamani kwa njia ya kuzunguka, alikuta meza imeandaliwa. Shangazi alikuwa amefunga nguo za wateja mapema ili apike, na uso wake ulikuwa na fahari ya mtu aliyefanya jambo.

"Kaa ule, binti wa kaka yangu. Nimesema leo umeshinda kwenye mabenchi ya serikali, urudi ukute cha moto. Na gesi iliniishia sufuria ikiwa jikoni, nikaubeba mtungi kichwani hadi dukani kwa Mizani. Nimeshabadilisha."

Mama Chiriku alisimama na kijiko mkononi. "Umebadilisha mtungi upi?"

"Huo mliokuja nao. Kwani tuna mwingine?"

Aliinama chini ya meza ya jiko. Mtungi mgeni ulikuwa pale, safi, rangi mpya, hauna kitu kwenye shingo. Aliuzungusha mara ya pili, kana kwamba ungebadilika.

"Shangazi, ule wetu una ndege."

"Ndege gani?"

Ndege wa mtoto. Zamani, mtungi wa nyumbani ulikuwa ukichanganyika na ya dukani, na Baba Chiriku akamwambia binti yake autie alama. Chiriku alichukua rangi ya kucha ya mama yake, nyekundu, akachora ndege chini kidogo ya mshikio. Rangi ilikwisha akiwa hajamaliza, ndege akabaki na mguu mmoja. Baba yake alimcheka sana, na tangu hapo alipita nao kila mahali akiwaonyesha wenzake wa gesi: tazameni kazi ya mwanangu. Siku ya kutoroka, Mama Chiriku aliupakia kwenye mkokoteni pamoja na godoro, kwa sababu aliununua yeye kwa vidole vyake, na kwa sababu nyingine ambayo Shangazi alikuwa hajaambiwa.

"Mtungi tu, mwanangu," Shangazi alisema, lakini polepole. "Mtungi hausemi."

"Huu unasema. Mitungi mitupu ya maduka yote inarudishwa kwa wakala mmoja, na yeye yuko huko kila asubuhi. Anaikagua mmoja mmoja, asipewe yenye kutu. Atamwona yule ndege. Atauliza mzigo ni wa duka lipi, na wataona ni jambo la kawaida, watamwambia. Kutoka duka la Mizani hadi hapa mtu anafika kabla hajamaliza kupiga mluzi."

Shangazi alikaa juu ya bunda la mashuka ya mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani.

"Nimekuuza," alisema.

"Hujaniuza. Umenipikia." Mama Chiriku aliweka kijiko chini, akajifunga kitambaa. "Huyo Mizani ni mtu gani?"

"Mkavu. Ila hapunji."

*

Duka la Mizani lilikuwa kontena la chuma, mitungi imepangwa ndani ya wavu, na mbele kabisa, mahali ambapo wengine huweka kiti cha mteja, mizani kubwa ya sahani bapa. Kila mtungi ulioingia na kutoka ulipanda pale mbele ya macho ya mnunuzi. Kwa hilo alipata jina, na kwa hilo maduka mengine hayakumpenda sana. Alikuwa mtu mfupi mwenye kitambaa begani, na alikuwa akimpimia mwanamke mmoja.

"Mtungi ulioletwa leo na mama dobi," Mama Chiriku alisema. "Naomba niurudishe."

"Mitupu imeondoka. Lori limepita mchana."

"Yote?"

"Lori halichagui."

Alikuwa amelitarajia jibu hilo. "Basi naomba tuzungumze pembeni, kaka."

"Pembeni hakuna. Duka ndilo hili."

Yule mteja alikuwa ameshamaliza shida yake, lakini miguu haikutaka kuondoka. Alikuwa akiukagua mtungi wake kama anayesoma gazeti. Mama Chiriku alimsubiri, kisha akamwambia kwa upole, "Dada, gesi yako imeshapimwa." Mwanamke alisonya, akauinua, akaenda zake.

"Atakuja mtu," Mama Chiriku alianza. "Ana duka kama hili, upande mwingine wa mji. Atasema mtungi wenye ndege ni wake na umeibwa. Atakuchekesha, maana ni mcheshi. Halafu atakuuliza nani aliuleta."

"Nani kwako huyo?"

"Mume wangu."

"Ahaa." Mizani alichukua kitambaa akaanza kufuta sahani ya mizani. "Mama, hayo yenu siyaingilii. Mimi napima gesi, sipimi ndoa za watu."

"Sikuombi upime. Nakuomba usiseme."

"Na kama kweli umeibwa? Mimi nina leseni ukutani. Nikae hapa naficha wezi?"

"Akija na polisi, waambie polisi. Mahakama inajua nilipo, nimewaandikia kwa mkono wangu. Akija peke yake ndipo usimwambie."

"Ni mwenzangu wa biashara. Kesho nikiishiwa, yeye ndiye nitakayemkopa mitungi." Aliendelea kufuta mahali palipokuwa pamekwisha kung'aa. "Na wewe sikujui. Umekuja dukani kwangu kunipa siri ambayo sikuiomba. Sasa ninayo, na inanipa kazi."

Hapo Mama Chiriku aliona kwamba amesema kweli. Ili siri yake ikae, ilimbidi amgawie mtu asiyemjua, na mtu huyo alikuwa na haki ya kuiona mzigo. Angeweza kuondoka. Alibaki, akasema ile sehemu ambayo alikuwa ameisema kwa mahakama tu.

"Alitufungia jikoni, mimi na mtoto. Alifungua gesi kwanza, ndipo akafunga mlango. Akaweka kigoda nje akakaa na kiberiti. Alikuwa anakitikisa tusikie njiti. Baadaye akafungua, akacheka. Akasema alikuwa anatania, kwani si hakuwasha."

Kitambaa kilisimama.

"Jiko lina dirisha?" Mizani aliuliza, na sasa sauti yake ilikuwa ya fundi.

"Dogo. Nilimwinua mtoto akatoa pua nje."

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa chini yake."

"Mtungi gani?"

"Huo huo wenye ndege. Sikutaka kumwachia."

Mizani aligeuka akaitazama mitungi yake iliyo ndani ya wavu, safu kwa safu, kana kwamba kuna mmoja umemwita. Mzee mmoja alikuwa akija na mtungi kwenye baiskeli.

"Mteja anakuja," Mizani alisema bila kugeuka. "Sogea kidogo, mama. Unanizibia mizani."

*

"Amesema nini?" Shangazi aliuliza mlangoni.

"Amesema nimemzibia mizani."

"Hiyo ndiyo au siyo?"

"Sijui, Shangazi."

Shangazi alikuwa ameshawaza. Alikuwa na rafiki yake waliyesali pamoja, ana chumba cha nje, mbali, wangehamia huko kesho asubuhi. Tayari alikuwa ameanza kukunja nguo za Chiriku. Mama Chiriku alizichukua mikononi mwake akazirudisha kwenye kamba.

"Nikihama leo, nitahama tena akisogea tena. Nitaishi mgongoni mwa mkokoteni. Siku ya kesi imeshapangwa, na bahasha yangu inasema niko hapa. Nitakaa hapa mpaka siku hiyo. Ila kama unaogopa kwa ajili ya nyumba yako, niambie, sitakulaumu."

"Mimi niogope?" Shangazi alichukua pasi kama silaha. "Nina pasi ya mkaa."

Chiriku alikuwa amekaa kimya kwenye kona, jambo lililowafanya wote wawili wageuke.

"Mama, ni ndege wangu ndiye aliyesema?"

Mama yake alipiga magoti mbele yake. "Ndege wako hakusema kitu. Yeye alichorwa tu. Anayemtumia vibaya ndiye mwenye kosa."

"Rangi ingekwisha mapema nisingemchora."

"Nilikuwa nampenda yule ndege," mama alisema. "Nampenda hata sasa."

Siku zilizofuata walikaa ndani, mapazia yamefungwa, wakihesabiana pumzi. Shangazi ndiye aliyetoka kupeleka nguo. Jioni moja alirudi na kikapu kikiwa bado kimejaa, akakaa, akaomba maji.

"Nimemwona. Yuko ng'ambo ya duka la Mizani, amekalia pikipiki. Shati limenyooshwa vizuri, nimeona mikunjo ya pasi, nani anampigia?" Alikunywa. "Amenisalimia. Shikamoo mama, ananiambia, kwa heshima kabisa. Eti mtaa huu una msusi mzuri? Mke wake anatafuta msusi. Hapo nikajua ndiye."

Mama Chiriku alishika ukingo wa meza. "Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia, mwanangu, chini ya kitambaa hiki kuna upara, wasusi nitawajulia wapi? Akacheka. Anacheka vizuri, yule. Ningekuwa sijui kitu, ningempenda." Alivuta kikapu karibu na miguu yake. "Nikapita njia ya mbali. Nguo za mwalimu nitapeleka kesho."

"Mizani alikuwa anafanya nini?"

"Anapima. Yule hata dunia ikiisha atakuwa anapima."

*

Shauri lilisikilizwa chumbani kwa hakimu, milango imefungwa. Hakimu alikuwa mzee mwenye kikohozi, na kila alipokohoa karani alisogeza glasi ya maji. Juu ya faili ilikuwepo bahasha, gundi yake haijaguswa.

Baba Chiriku alikuja na lile shati. Alimsalimia kila mtu, pamoja na mke wake. Alipopewa nafasi alisimama akaunganisha mikono mbele kama mtu wa kwaya.

"Mheshimiwa, mke wangu anaogopa kivuli chake. Anaficha makazi kama vile mimi ni simba. Lakini mimi najua anakokaa. Yuko jirani na duka la gesi la mtu anayeitwa Mizani. Nimejua muda sasa. Je, nimekwenda kuvunja mlango? Sikwenda. Mtu mbaya angekwenda. Mimi nimetulia, nimekuja kwako kwa adabu. Sasa analindwa nani dhidi ya nani?"

Yalipangwa vizuri. Hata karani aliyekuwa akiandika aliitikia kidogo kwa kichwa, bila kujua.

Hakimu alikohoa, akamgeukia Mama Chiriku. "Mama, ni kweli unakaa huko?"

Liliulizwa bila ubaya, kama mtu anavyouliza kama mvua imeacha. Baba Chiriku hakumwangalia hakimu. Aliuangalia uso wa mke wake, na Mama Chiriku aliyajua macho hayo. Ndivyo alivyoyatazama mapovu ya sabuni kwenye kichwa cha mtungi, akitafuta gesi inavuja wapi.

Aliufunga uso.

"Mheshimiwa, nikisema ndiyo, nimemwelekeza. Nikisema siyo, nimempunguzia mahali pa kutafuta. Jibu limo ndani ya bahasha iliyo mbele yako. Naomba kwa mdomo nisijibu."

Hakimu aliitazama bahasha, akatazama kalamu yake kwa haya kidogo.

"Swali langu ninalifuta," alisema. "Karani, usiliandike."

"Na naomba kitu kingine," Mama Chiriku alisema. "Aulizwe amejuaje."

Baba Chiriku alitabasamu. Hadithi nzuri ilikuwa udhaifu wake tangu ujana, hakuweza kuiacha ikae. Aliieleza yote: kwa wakala, mitungi mitupu, ndege wa mguu mmoja kazi ya mwanawe, lori la duka gani. Aliigiza hadi alivyouinua mtungi juani.

"Ukaenda kwenye hilo duka," hakimu alisema.

"Kuuliza tu, mheshimiwa."

"Ukaambiwa nini?"

"Yule ana kiburi. Namwambia mtungi ni wangu, ananijibu mtungi ukishapanda mizani yake ni kilo tu, hauna mwenyewe. Namwambia basi nitakufaa kwa bei ya mzigo wako wote ujao. Ananiambia nisogee, namzibia mizani."

Mama Chiriku aliinamisha kichwa upesi, maana kitu kilikuwa kimempanda kooni, na hakutaka mtu yeyote mle ndani aone kwamba ni kicheko.

"Kwa hiyo hukuambiwa," hakimu alisema. "Ukafanyaje?"

"Nikangoja. Nje, barabarani. Barabara ni ya wote."

"Siku moja?"

"Asubuhi kabla ya kazi. Na jioni nikirudi."

"Kila siku?"

"Kazi yangu yenyewe ni ya kuzunguka."

"Ukingoja nini?"

Baba Chiriku alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza hakuna mzaha uliotoka. Kalamu ya hakimu iliendelea kukwaruza karatasi.

"Habari ya jikoni na kiberiti," hakimu alisema bila kuinua kichwa. "Hujaikanusha."

"Nilikuwa natania, mheshimiwa. Kwani si sikuwasha?"

Karani aligeuza ukurasa wa nyuma wa faili, mahali maelezo ya Mama Chiriku yalipoandikwa siku ya foleni, akaona maneno yale yale. Alimsogezea hakimu, akamwekea kidole pale.

Amri ilisomwa kwa sauti ya kikohozi, na ilikuwa na maneno mengi. Mama Chiriku aliyashika yaliyomhusu: asimkaribie yeye wala mtoto, asimtafute, asimuulizie kwa mtu yeyote, yeye mwenyewe wala kwa kumtuma mwingine, asikae karibu na duka lile wala kulipitia. Na bahasha ifungiwe kabatini kama ilivyo.

Ukumbini nje, wakati askari akimwonyesha njia nyingine ya kutokea, Baba Chiriku alipita karibu kiasi cha kusikika. Bado alikuwa anatabasamu.

"Ndege mwenyewe ana mguu mmoja," alisema. "Ataruka umbali gani?"

Askari alimsukuma begani aendelee. Mama Chiriku alienda zake. Kwenye kaunta, yule karani wa siku ile alikuwa anagonga mihuri.

"Mama wa amri ya ulinzi," aliita kwa sauti yake ya ng'ambo ya barabara, "nakala yako tukuletee wa..." Alijikata mwenyewe. Alitazama huku na huku, akainama juu ya kaunta, akanong'ona kwa mara ya kwanza labda tangu aajiriwe. "Utaifuata mwenyewe, siyo?"

"Nitaifuata."

*

Kabla ya kufika nyumbani alipitia kwa Mizani. Hakuwa na mtungi wala mkoba, alikuwa na neno moja tu, na alilishika tangu mahakamani lisidondoke.

"Kaka, nimekuja kukushukuru."

Mizani alimtazama usoni, kwa utulivu, kama anavyotazamwa mgeni wa kwanza asubuhi.

"Kwa lipi, mama? Sikufahamu."

"Mimi ndiye..."

"Sikufahamu," alirudia, na kona ya mdomo wake ilisogea kidogo sana. "Unataka gesi au unataka maongezi? Gesi ninayo."

Alienda nyumbani akicheka peke yake njiani, machozi yakimshuka, na watu aliopishana nao wakampisha.

Shangazi alipoambiwa, alifungua mapazia yote, kisha akafikiri, akafunga moja. "Hili tuliache," alisema. "Karatasi ni karatasi." Mama Chiriku alikubaliana naye. Alijua amri haimfungi mtu mikono. Inampa tu askari pa kumshikia. Asubuhi angetafuta saluni ya mbali, angeanza na vichwa vya watoto. Mtungi uliokuwa chini ya meza ungebaki kama ulivyo, hauna alama, ufanane na mitungi yote ya mji.

Chiriku alikuwa amechuchumaa karibu nao. Mkononi alikuwa na kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu, ambacho Shangazi alikuwa amemnunulia bila kufikiri, kama mtu anayelipa deni.

"Mama, na huyu nimchore?"

"Huyo hapana, mwanangu."

Mdomo wa mtoto ulianza kupinda. Mama Chiriku alikaa chini sakafuni, akavua viatu vyake vya mahakamani, vile vilivyofungwa mbele, akanyoosha mguu. Kidole gumba kilikuwa kimevimba kwa kutembea njia za kuzunguka.

"Mchore hapa. Nitamvalia viatu."

Mtoto alifanya kazi kwa muda mrefu, ulimi nje, pumzi zake zikipiga juu ya ngozi. Harufu kali ya rangi ilijaa chumba. Shangazi alisimama na pasi yake akiangalia, akasahau shati la mteja hadi likaanza kunuka.

"Tayari," Chiriku alisema. "Huyu nimempa miguu yote."

Mama yake aliuinua mguu kwenye mwanga wa dirisha, akaisubiri rangi ikauke.